Kuganga Uta: Historia ya Kitenzi na Silaha Kusini mwa Tanzania

Ukimwuliza Mswahili wa leo maana ya kuganga, atajibu pasi na kusita: ni kutibu. Mganga ni mtibabu, uganga ni kazi yake. Jibu hilo ni sahihi, ila ni nusu ya jibu. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870, alikieleza kitenzi hiki kwa mfano wa fimbo iliyoanza kupasuka: kuifunga kwa kuizungushia kitu ili isiendelee kupasuka, huko ndiko kuganga. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 nayo inalo neno gango, yaani kitu kinachoshikiza na kuunganisha kilichoachana. Na wanaisimu wa lugha za Kibantu wamelirudisha shina hilo hadi kwenye maana ya kufunga.

Miongoni mwa vifaa vilivyohitaji kugangwa kwa maana hiyo ya kale, sioni kimoja kinachoieleza vizuri kuliko uta wa mti. Tuutazame basi uta, na tuutazamie katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, ambako historia ya silaha na historia ya uganga zilikutana.

Kwanza maneno yenyewe. Uta ni neno kongwe. Wagikuyu wana ũta, Wachewa na Washona wana uta, na wingi wetu wa mata unahifadhi ngeli ya kale ambayo vijana wengi hawaitambui tena. Upinde ni neno lililo wazi zaidi, kwa kuwa limetokana na kupinda, nalo ndilo lililoshinda katika matumizi, labda kwa msaada wa upinde wa mvua. Kamba ya uta ni upote, neno lenye undugu na kupota, kwa sababu kano au nyuzi husokotwa ndipo zikapata nguvu. Mishale hukaa katika podo au ziaka. Mshairi anayetafuta vina ana hazina hapo.

Sasa ufa. Uta unapovutwa, upande wa nje unaotazama shabaha hunyooshwa, na upande wa ndani unaomtazama mpigaji husongwa. Mti mmoja hubeba kani mbili zinazopingana. Ndiyo maana mti mgumu kuliko yote si lazima uwe bora. Mpingo, unaojulikana sana katika misitu ya Lindi, husifiwa kwa vinyago na hata kwa zumari za Ulaya, ilhali uta hutaka mti unaokubali kupinda na kurejea, kama mkole, unaotumika kwa mata katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Tena hali ya hewa ya kusini ni mtihani kwa mti. Mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei, kisha hufuata kiangazi kirefu kinachoukausha mti haraka, na kukauka kwa haraka ndiko kunakozaa nyufa, hasa kwenye ncha.

Nyufa hazilingani. Ufa unaofuata urefu wa nyuzi za mti mara nyingi huvumilika. Ufa unaozikata nyuzi upande wa nje, au kibanzi kinachoinuka hapo, ni hatari, maana kila mvuto huuongeza. Fundi hulegeza upote kwanza, kwa kuwa uta uliopasuka haupaswi kujaribiwa. Hulaza kibanzi mahali pake, hutia gundi akiwa nayo, kisha hufunga. Kano za mnyama zilizokaushwa, zikapondwa na kuchambuliwa kuwa nyuzi, hulowekwa na kuzungushwa kwa mkazo, pindi kwa pindi, kupita mwanzo na mwisho wa ufa. Ngozi mbichi hufanya kazi hiyohiyo. Vyote viwili hunywea vinapokauka, na kunywea huko hukaza kuliko mkono wa mtu. Mwishowe hukauka kivulini, kisha mikono miwili ya uta hukaguliwa upya ili ipinde sawasawa.

Hapo tunaona tofauti kati ya kuganga na kuziba. Methali ya ukuta yatuambia tuzibe ufa, kwa kuwa ukuta kazi yake ni kusimama tu. Uta kazi yake ni kupinda. Ukijaza ufa wake na kuuacha hivyo, utafunguka katika mvuto wa kwanza. Uta hugangwa, na alama ya kugangwa hubaki ikionekana siku zote.

Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde wa nchi hii waliishi karibu na njia za misafara iliyounganisha Ziwa Nyasa na bandari za Kilwa na Lindi. Pembe na watumwa walishuka pwani. Nguo na magobori yalipanda bara. Steere mwenyewe alipita upande huu mwaka 1876 alipowaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja hadi Masasi, jirani ya Nachingwea. Katika karne hiyo ya kumi na tisa uta ulianza kupata mshindani. Kisha, mwaka 1896, Gavana Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji zilizotaka leseni, na mwindaji akaanza kuonekana mhalifu katika msitu wa babu zake.

Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilianza Umatumbi na kuenea kusini upesi. Nyangao na Masasi misioni ziliteketezwa. Wapiganaji walikuwa na magobori, mikuki na mata, na walikuwa na maji ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka huohuo. Kinjeketile hukumbukwa kama mganga, na maji yake hupimwa kwa kuuliza kama yalizuia risasi. Hayakuzuia. Lakini tukikumbuka maana ya kale, swali jingine linajitokeza: yalifunga nini? Yaliwafunga pamoja Wamatumbi, Wangindo, Wamwera na Wangoni, watu ambao hawakuwahi kuwa chini ya bendera moja. Kwa maana hiyo Kinjeketile aliganga, ijapokuwa mti ulivunjika kwa kani iliyouzidi. Vita na njaa iliyofuata viliua watu wengi mno. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Mwaka 1906, majivu yakiwa bado ya moto, Mjerumani Karl Weule alizunguka Lindi, Masasi na Newala akikusanya vifaa vya wenyeji kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Kifaa kikikusanywa hivyo huhifadhika, ila kazi yake hukoma. Uta uliotundikwa ukutani hauvutwi, kwa hiyo hauhitaji kugangwa, na kitenzi chake hukosa pa kufanyia kazi. Baadaye yakaja matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, yaliyofyeka misitu ya Nachingwea. Na katika miaka ya 1960 wapigania uhuru wa FRELIMO wakafunzwa bunduki papo hapo. Uta ukabaki kwa watoto wanaowinda ndege.

Inabaki methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wengi huitumia kuwanyamazisha wanaokumbuka. Neno ndwele latuelekeza kwenye tiba, ni kweli. Lakini ugonjwa ambao haujaja hautibiki. Kinachowezekana kufanyiwa kazi kabla hakijavunjika ni mti ulioonyesha ufa, na huo hufungwa na mtu aliyeuchunguza ufa wake: ulianzia wapi, unaelekea wapi, na kani gani iliuleta. Atakayeganga yajayo bila kuyatazama yaliyopita atafunga mahali pasipo na ufa. Washairi wetu wakilirudishia neno hili maana yake nzima, methali hiyo itaacha kuwa amri ya kusahau, na vita vya 1905 vitapata katika Kiswahili kitenzi kinachovistahili.