Chama cha Makarani: Kufuata Nyayo za MNC Kisangani

Anayetaka kufuata nyayo za chama cha siasa cha MNC (Mouvement National Congolais) mjini Kisangani aanzie posta. Patrice Lumumba aliingia mji huu mwaka 1944, ulipokuwa ukiitwa Stanleyville, akapata ukarani. Hakuwa mwenyeji, kwao ni Onalua, huko Sankuru. Posta ilimpa mshahara na meza, lakini zaidi ya yote ilimpa watu. Aliongoza umoja wa wafanyakazi Waafrika wa posta na kuhariri jarida lao. Akaongoza tawi la APIC, chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya kikoloni, kisha jumuiya ya wasomi ambao Wabelgiji waliwaita évolués. Kuitisha kikao, kuandika muhtasari, kukusanya michango, kumjibu kila aliyeandika barua: shughuli hizo za jioni, baada ya saa za kazi, ndizo zilizokilea chama hiki kabla hakijapata jina.

Jina lilipatikana kwingine. Mwaka 1956 Lumumba alifungwa kwa kosa la fedha za posta. Alipotoka mwaka uliofuata akahamia Léopoldville, na huko MNC ikaanzishwa tarehe 10 Oktoba 1958. Chama cha ABAKO kilikuwa cha Bakongo, CONAKAT kikawa cha Katanga; MNC ilitaka Kongo moja. Haikupita hata mwaka, Julai 1959 viongozi wakagombana. Albert Kalonji akajitenga na tawi lake, akaenda nalo Kasai. Chama kilichojiita cha taifa kikahitaji mahali pa kusimama, na mahali hapo pakawa Stanleyville.

Kwa nini hapa? Jimbo la Orientale halikuwa na kabila moja lenye uwezo wa kuyafunika mengine. Mji wenyewe ulijaa watu waliokuja na meli za mtoni na reli ya Ponthierville, makarani, makuli, walimu, mafundi, waliozungumza Kiswahili na Lingala wakielewana. Kumwambia mtu wa namna hiyo apigie kura kabila lake ni kumrudisha kijijini alikokwisha kuondoka. Nadhani hiyo ndiyo siri ya nguvu ya MNC hapa, kuliko hata ufasaha wa Lumumba.

Kutoka Makiso, kitovu cha mji, toleka, yaani teksi ya baiskeli, hukufikisha Mangobo, moja ya komini za Waafrika enzi za ukoloni, walikoishi watu wa namna hiyo. Mwishoni mwa Oktoba 1959 chama kilifanya mkutano wake mkuu Stanleyville. Lumumba alidai uhuru mara moja. Tarehe 30 fujo zikazuka, askari wakafyatua risasi, na watu zaidi ya 20 wakafa. Siku mbili baadaye yeye akakamatwa.

Wabelgiji walidhani wamekikata chama kichwa. Mwezi Desemba ukafanyika uchaguzi wa serikali za mitaa, na MNC, mkuu wake akiwa gerezani, ikachukua karibu asilimia 90 ya kura za mji. Mwezi huohuo Mfalme Baudouin akatua Stanleyville. Alipofika mara ya kwanza, mwaka 1955, Lumumba alikuwa karani aliyefurahi kupata nafasi ya kuzungumza naye kwenye tafrija. Safari hii mfalme alilakiwa na umati uliopiga kelele za uhuru na kutaka karani huyo aachiliwe. Tarehe 21 Januari 1960 mahakama ikamhukumu miezi 6; siku chache baadaye ikabidi atolewe, apelekwe Brussels, kwa kuwa mazungumzo ya uhuru hayakuweza kuendelea bila yeye.

Mei 1960 ndiyo kilele. Katika baraza la jimbo la Orientale MNC ilipata viti 58 kati ya 70. Katika bunge la taifa ilipata 33 kati ya 137: ilitosha kuwa chama kikubwa kuliko vyote, haikutosha kutawala bila kushika mikono ya wengine. Hesabu hiyo ilibeba msiba uliofuata. Lumumba akawa waziri mkuu kwa muungano na wengine, na Septemba akaondolewa. Novemba alitoroka kizuizini akielekea Stanleyville, kwa watu wake, akakamatwa njiani, kwenye mto Sankuru. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Jean-Pierre Finant, rais wa serikali ya jimbo, aliuawa Bakwanga mwezi uliofuata.

Antoine Gizenga, naibu waziri mkuu wa Lumumba ambaye hakuwa hata mwanachama wa MNC, ndiye aliyeendesha serikali mjini hapa kwa jina la Lumumba hadi alipokubali mapatano na Léopoldville ya Agosti 1961, na mwanzoni mwa 1962 akatiwa nguvuni. Kisha jimbo lenyewe likakatwa vipande, na wingi wa viti 58 ukapotea pamoja nalo.

Sehemu inayofuata inaniuma kuiandika. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, na Christophe Gbenye, kiongozi wa MNC aliyewahi kuwa waziri wa Lumumba, akajitangaza rais. Mbele ya mnara wa Lumumba Wakongo wengi waliuawa hadharani: watumishi wa serikali, walimu, makarani, watu waliotuhumiwa kwa sababu ya kujua kusoma au kufanya kazi ofisini. Ni tabaka lilelile lililoandika mihtasari ya kwanza ya chama. Vitabu vingi vya nje vinasimulia mateka wa kizungu na askari wa miavuli wa Ubelgiji walioshukia uwanja wa Simi-Simi tarehe 24 Novemba. Kwangu chama kilikufa kabla ya ndege hizo kufika, siku walipoanza kuuawa waliokijenga.

Mwaka mmoja baadaye Mobutu, mkuu wa jeshi, alitwaa nchi. Mwaka 1966 alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa na Stanleyville ikawa Kisangani. 1967 akaunda MPR, ambacho baadaye kilibaki chama pekee kilichoruhusiwa. Vyama viliporuhusiwa tena mwaka 1990, jina la MNC lilirudi, na François, mwana wa Lumumba, akaongoza tawi moja, lakini nguvu ya 1960 haikurudi. Hata Orientale, jimbo lililotoa viti vile 58 na ambalo baadaye liliunganishwa tena, liliondolewa kwenye ramani mwaka 2015, likagawanywa kuwa Tshopo, Ituri, Haut-Uele na Bas-Uele.