Barua ya Mtu wa Mkiani: Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Ni mwaka 1943. Kijana wa Mgeta anayeuza mboga katika kambi ya wakimbizi wa Kipolandi mjini Morogoro amekabidhiwa na karani wa posta barua yenye muhuri wa Wajerumani. Ni ya mama mmoja ambaye mumewe, askari wa anga, ametoweka vitani. SASA ENDELEA...

Niliisukuma ile barua chini ya kabichi, nikajitwika tenga na kuondoka. Ukungu ulikuwa umefunika kilele cha Bondwa, na mvua ya usiku iliacha njia ya kambini utelezi mtupu. Sikupunguza mwendo. Kukutwa na muhuri wa adui wakati ule kulitosha kumlaza mtu mahabusu.

"Wakaguzi wa Serikali wameshaifungua na kuisoma," karani alikuwa ameninong'oneza. "Lakini askari wa njiani atajuaje? Mpelekee mama wa watu, usisimame popote."

Nilimkuta barazani anashona gauni la bintiye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kijana. Umechelewa leo."

Sauti ilinikwama kooni. Mama huyu alikuwa ameshabeba mengi. Mwaka 1940 Warusi waliwatoa kwao Polandi, wakawatupa Siberia kwenye baridi na njaa. Walipoachiwa, yeye na watoto walipitia Uajemi hadi Tanganyika. Mumewe akapelekwa Uingereza, akaingia Kikosi cha 300, kikosi cha Wapolandi kilichoruka na ndege za Wellington. Kazi yake ilikuwa mpiga bunduki wa mkiani: mtu anayekaa peke yake nyuma kabisa ya ndege, gizani, na bunduki zake nne, akitazama kule walikotoka.

Siku moja alilishika tenga langu, akapitisha vidole kwenye fito zilizopishana. "Ndege yake imesukwa hivi," aliniambia. "Mwingereza Barnes Wallis ndiye aliyebuni. Ndani ni vyuma vyepesi vilivyopishanishwa, juu ni kitambaa. Risasi ikikata ubavu mmoja, mbavu nyingine zinabeba mzigo. Zimerudi nyingi zikiwa zimeraruka vibaya, injini moja imezima, na watu wake wazima."

Tumaini lake lote lilikuwa katika msuko huo. Kisha ikaja simu: ndege iliyokwenda usiku kutega mabomu baharini haikurudi. Baada ya simu ikaja barua ya kamanda. Kati ya watu watano, bahari ilikuwa imetupa maiti moja ufukweni Denmark, nayo ilikuwa ya rubani. Amezikwa huko huko. Wengine wanne hawakuonekana. Tangu siku hiyo mama alikuwa akinituma posta kila niliposhuka mjini, na kila mara nilirudi mikono mitupu.

Nilitua tenga, nikaondoa kabichi, nikamkabidhi bahasha kwa mikono miwili. Alipouona muhuri, sindano ilimponyoka.

"Hii imetoka kambi ya mateka," alisema. "Mtu yuko hai."

Jina la mtumaji nyuma ya bahasha lilikuwa limelowa, wino umechujuka. Alifungua. Kipolandi sikijui, lakini tarakimu ni zile zile nilizofundishwa shule ya misheni, na tarehe niliisoma mwenyewe: wiki tatu baada ya ule usiku wa bahari.

"Mama! Iliandikwa baada ya..."

Aliinua mkono ninyamaze. Midomo yake ilitembea juu ya mistari, na machozi yakaanza kushuka, ya furaha kabisa. "Ni mwandiko wake. Ni mkono wa mume wangu!" Alifika mstari wa mwisho. Furaha ikamkauka usoni.

"Nini, mama?"

"Mwandiko ni wake," alisema polepole, "lakini jina lililotiwa hapa si lake. Ni la rubani."

Rubani! Yule yule aliyekwisha kuzikwa Denmark. Basi ni nani aliyelala ndani ya kaburi lile? Na kwa nini mtu aliye hai ajiite kwa jina la marehemu mbele ya Wajerumani?

Kabla sijapata la kusema, buti zilisikika kwenye ngazi za baraza. Mkuu wa kambi alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono ameunyoosha.

"Nipe hiyo barua, mama," alisema. "Na huyu kijana asiondoke."

ITAENDELEA WIKI IJAYO