Herufi Moja, Nafasi ya 12

Anayetaka kuzifuata jeni za RAS hadi zilikoanzia kujulikana aanzie London, mwaka 1964. Jennifer Harvey alikuwa akichunguza virusi vya saratani ya damu. Alichukua plazima ya panya-buku walioambukizwa, akawadunga panya wadogo, nao wakaota uvimbe upesi kuliko ilivyotarajiwa. Miaka mitatu baadaye Werner Kirsten, huko Chicago, akaripoti virusi vya aina hiyohiyo. H ya HRAS na K ya KRAS zimetokana na majina yao.

Virusi vile vilikuwa vimebeba mali ya wizi. Kundi la Edward Scolnick, Marekani, lilionyesha kwamba jeni iliyoleta uvimbe ilitoka kwa panya-buku mwenyewe. Binadamu naye anazo za ukoo huo, na mwili hauendi bila kazi yake.

Mwaka 1982 maabara kadhaa za Marekani, zikiwemo za Robert Weinberg, Mariano Barbacid na Michael Wigler, zilikuwa zikipekua seli za saratani ya kibofu cha mkojo. Kilichoonekana katika jeni ya HRAS ni kosa dogo mno: palipostahili herufi G ya DNA pamekaa T. Matokeo yake, katika protini yenye asidi amino 189, ile ya 12 imeacha kuwa glisini, imekuwa valini.

Protini ya RAS hukaa upande wa ndani wa utando wa seli. Ikishika molekuli ya GTP huamka, ikaipasha habari protini ya RAF, RAF ikaipasha MEK, MEK ikaipasha ERK, na seli ikapata amri ya kugawanyika. Kisha hukata GTP ikawa GDP, ikatulia, kama mlango wa springi unaojifunga mtu akishapita. Valini humzuia msaidizi anayeharakisha ukataji huo. Mlango unabaki wazi.

Lakini si kila badiliko la nafasi ya 12 lina ukali uleule. Mwaka 2005 watafiti wa Japani waliihusisha HRAS na ugonjwa wa Costello, uliopewa jina la daktari wa watoto wa New Zealand aliyeueleza miaka ya 1970. Wengi wa watoto wenye ugonjwa huo wana serini hapo. Ishara yao iko juu ya kawaida, ila haifikii ya valini. Wanazaliwa na kukua, ingawa kwa taabu ya kula, maradhi ya moyo na hatari ya uvimbe. Wachache waliozaliwa na valini huugua vibaya tangu uchanga. Ndiyo maana jibu la maabara linalosema tu “jeni imebadilika” kwangu ni nusu ya jibu.

Mwaka 2013 kundi la Kevan Shokat, California, lilipata pa kuishika KRAS yenye sisteini katika nafasi hiyohiyo, na mwaka 2021 Marekani ikaidhinisha sotorasib kwa saratani ya mapafu. Dawa hiyo hunasa kwenye salfa ya sisteini. Valini haina salfa.