Umio Kwenye Picha: Kutoka Mengo hadi Bugando

Umio, mrija wa misuli unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, hauonekani vizuri kwenye eksirei ya kawaida ya kifua. Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi hiyo mwaka 1895, kilichojitokeza vizuri ni mifupa. Mwishoni mwa 1896 Walter Cannon, mwanafunzi wa udaktari huko Marekani, alimlisha bata bukini madini ya bismuthi na kumtazama kwa eksirei akimeza. Baadaye bariamu, dawa nzito nyeupe kama chokaa, ilichukua nafasi ya bismuthi.

Katika eneo la Ziwa Victoria, Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa Kampala na Albert Cook mwaka 1897, ilikuwa miongoni mwa za kwanza Afrika Mashariki kupata mashine ya eksirei. Upande wa kusini hatua kubwa ilikuja mwaka 1971, Hospitali ya Bugando ilipofunguliwa kilimani Mwanza kwa juhudi za Kanisa Katoliki. Mwaka huohuo mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, jijini London. Kwa kuwa Bugando ilikuwapo, mgonjwa wa Bukoba aliyekuwa akikwamwa na ugali aliweza kupanda meli ya MV Victoria jioni na kushuka Mwanza asubuhi.

Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka kusini, una saratani nyingi ya umio. Kwa hiyo uvimbe usio wa saratani, ambao ni nadra, hudhaniwa kirahisi kuwa saratani, na kosa hilo ni zito mno kwa mgonjwa. Takriban theluthi mbili ya uvimbe huo ni leiomayoma, inayoota kwenye misuli laini.

Mgonjwa anapomeza bariamu, saratani huonyesha kingo zilizochakaa na njia iliyobanwa. Leiomayoma huonyesha mbonyeo laini wa nusu duara, ngozi ya ndani ikiwa nzima. Tezi zilizovimba kwa kifua kikuu zinaweza kuusukuma umio kutoka nje na kutoa picha inayofanana. Hapo CT husaidia sana. Endoskopia, yaani kamera inayoingizwa kooni, ikionyesha ngozi nzima, daktari mwangalifu huepuka kukata kipande kidogo cha nyama cha kupima, maana kovu lake humsumbua mpasuaji atakayeuchomoa uvimbe. Ultrasaundi ya ndani, iliyoanza miaka ya 1980, huonyesha tabaka ulimoota uvimbe. Uvimbe mdogo usio na dalili hufuatiliwa kwa picha. Ule unaozuia chakula hutolewa.