Leseni hupewa mtu, haipewi gari

Waingereza wameazima maneno machache kutoka katika lugha yetu, na mojawapo ni safari. Sisi tukisema safari tuna maana ya mwendo wowote: wa abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, wa mgonjwa kwenda hospitali, hata ule wa mwisho ambao hauna marejeo. Wao walipolichukua neno hilo, walilipa maana nyembamba. Kwao safari ilikuwa ni kwenda porini na bunduki.

Lakini mwenda porini na bunduki ana swali moja la kujibu kabla hajafyatua hata risasi moja. Nani atambeba, yeye na vitu vyake? Juma hili, ndugu msomaji, nataka tulifuate swali hilo tangu mwanzo wake. Jibu lake lilipobadilika, kutoka mabega ya watu kwenda magurudumu ya gari la kukodi, pori nalo lilibadilika, na sheria ikabidi ilikimbilie gari kwa nyuma.

Mwanzoni mwa karne ya 20 hapakuwa na gari la kukodi. Aliyekodishwa alikuwa binadamu. Sababu yake kubwa ilikuwa mdudu mdogo, mbung'o. Farasi na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa nagana kila walipopitishwa katika mapori yake, kwa hiyo mzigo uliobaki bila mnyama wa kuubeba ulitua juu ya kichwa cha mpagazi. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo tangu enzi za misafara ya pwani na bara, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi.

Mjini Nairobi ilikuwapo kampuni iliyoifanya kazi hiyo kuwa biashara kamili. Iliitwa Newland and Tarlton, na waanzilishi wake walitoka Australia. Mgeni aliandika barua kutoka Ulaya au Marekani, akatuma fedha, na alipofika alikuta kila kitu tayari: mahema, wapishi, askari, wabeba bunduki, na mstari mrefu wa wapagazi. Ilikuwa duka la kukodisha msafara mzima.

Mteja wake aliyevuma kuliko wote alikuwa Theodore Roosevelt. Aliondoka katika urais wa Marekani mwezi Machi 1909, na mwezi Aprili mwaka huo huo aliteremka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Alikuja kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian la mjini Washington. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Chumvi ya kuhifadhia ngozi peke yake ilikuwa tani 4. Tukipiga hesabu ya kilo 27 kwa kila kichwa, hiyo ni mizigo 150, na bado hatujahesabu chakula wala hema hata moja. Kwa muda wa karibu mwaka mmoja baba na mwana waliua wanyama 512.

Idadi hiyo inatisha. Hata hivyo, tuangalie jambo moja ambalo ni rahisi kulipita. Msafara wa miguu ulikuwa na mipaka yake. Mpagazi hawezi kukimbia na kilo 27 kichwani. Lazima ale, anywe, alale, na chakula chake nacho kibebwe na mpagazi mwingine. Mahali pasipo maji hapapitiki. Palikuwa na mbuga kubwa ambazo wawindaji walizisikia tu kwa majina, kwa sababu kuzifikia kulitaka wiki nyingi za mwendo. Siku hizo mwendo wa polepole wa mpagazi uliwakinga wanyama kuliko sheria yoyote iliyokuwa imeandikwa.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi hizi, na kwa sababu ya mbung'o yule yule, silaha na chakula cha majeshi vilibebwa na watu. Waafrika kwa mamia ya maelfu waliingizwa katika kazi ya upagazi, wengi wao kwa nguvu, na makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Wakazi wa Dar es Salaam hulitaja jina hilo kila siku bila kukumbuka wafu wake, kwa maana ndilo lililozaa Kariakoo.

Baada ya vita hiyo, gari lilichukua nafasi ya mpagazi. Magari ya Ford, mepesi na yaliyoinuka juu ya ardhi, yaliweza kupita mahali ambapo hapakuwa na barabara. Kampuni za Nairobi, na baadaye za Arusha, zikaanza kukodisha magari na malori pamoja na madereva wake. Wala tusidhani ilikuwa starehe. Petroli ilibebwa kwa madebe. Mbegu za nyasi ziliziba rejeta mpaka maji yakachemka. Miiba ilitoboa mipira, na mvua ikinyesha katika udongo mweusi wa mbuga, gari lilizama na kukaa hapo mpaka lisukumwe na watu. Waafrika waliojifunza udereva, ufundi na utingo katika safari hizo ndio waliozifanya ziwezekane, lakini vitabu vya wageni viliwataja kwa jina moja tu, kama vilivyomtaja.

Pamoja na taabu hizo, mwendo wa wiki kadhaa sasa ukawa wa siku chache. Serengeti inatupa mfano ulio wazi. Mwaka 1913 Mmarekani Stewart Edward White alifika huko kwa miguu akitokea Nairobi. Katika miaka ya 1920 alirudi, akapiga kambi karibu na Seronera kwa miezi mitatu, na inaelezwa kwamba yeye na wenzake waliua simba wapatao 50. Sheria za wakati huo hazikumlinda simba. Alihesabiwa kuwa mnyama mharibifu, kama panya wa ghalani.

Gari lilileta jambo jingine ambalo hakuna aliyelitarajia. Simba humwogopa mtu anayetembea kwa miguu, lakini gari halimshtui. Hutambui umbo la binadamu ndani yake. Hulitazama, kisha hulala tena. Mwindaji wa miguu alipaswa kunyata, kusoma upepo, na kuiweka roho yake rehani. Mwindaji wa gari aliweza kusogea hatua chache tu kutoka kwa simba, akaegemeza bunduki mlangoni na kufyatua. Aliyekodi gari alidhani amekodi usafiri. Kumbe alikuwa amekodi pia ushujaa wa bandia.

Ajabu ni kwamba waliopiga kelele kwanza ni baadhi ya wawindaji wenyewe. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyewaongoza wageni katika safari, naye mwaka 1928 alikuwa miongoni mwa waliomwongoza mrithi wa ufalme wa Uingereza, aliandika katika gazeti la The Times la London kulaani mauaji ya simba yaliyofanywa kutoka ndani ya magari huko Serengeti. Hakuwa mpinga uwindaji. Aliishi kwa kazi hiyo. Alichokipinga ni uwindaji usiokuwa na mizani, ambamo upande mmoja una injini na upande wa pili haujui hata kwamba unawindwa. Mwaka 1929 serikali ya Tanganyika ilifanya sehemu ya Serengeti kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1951 ikawa hifadhi ya taifa.

Mwezi Novemba 1933 mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi wanyama na mimea ya Afrika ulitiwa saini mjini London. Mkataba huo ulilitaja gari waziwazi, pamoja na ndege, kuwa chombo kisichoruhusiwa kumwindia wala kumkimbizia mnyama. Mwaka 1934 wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki waliunda chama chao mjini Nairobi. Suala la gari likaingia hata katika hadithi. Ernest Hemingway, aliyewinda Kenya na Tanganyika kuanzia mwishoni mwa mwaka 1933, alitoa mwaka 1936 hadithi fupi kuhusu Francis Macomber. Ndani yake nyati wanafukuzwa kwa gari, na kiongozi wa safari anajua kwamba habari hiyo ikifika Nairobi atanyang'anywa leseni.

Hapa sharti tuseme ukweli wote. Sheria hizo hazikumbana kila mtu kwa uzito mmoja. Mwenyeji aliyewinda kwa upinde, mtego au shimo ili apate kitoweo, kama walivyofanya babu zake, aliitwa jangili na kupelekwa gerezani. Mgeni mwenye fedha za kulipia leseni, kukodi gari na kuajiri kiongozi aliitwa mwanamichezo. Akivunja sheria, aghalabu aliyekuwa hatarini ni kiongozi wake. Uchungu huo haukuisha na ukoloni, na mpaka leo wako wanavijiji waishio kando ya mapori wanaouona uhifadhi kuwa ni mali ya watu wengine. Anayetaka kuwashawishi vinginevyo hana budi kuanza kwa kukiri historia hiyo.

Baada ya uhuru kila nchi ilichagua njia yake. Tanzania ilisimamisha uwindaji mwaka 1973, ikaurudisha mwaka 1978 chini ya shirika la umma la TAWICO, na baadaye kampuni binafsi zikaingia. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na chama kile cha wawindaji wa kulipwa kikafa mwaka huo huo. Madereva na mafundi wengi wakageukia watalii wenye kamera, na magari yale yale yaliyobeba bunduki yakawabeba wapiga picha. Kuhusu gari lenyewe, hata hivyo, msimamo haukutofautiana. Mkataba wa nchi za Afrika uliotiwa saini Algiers mwaka 1968 ulikataza kuwinda kwa vyombo vya moto, na sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo inakataza kumpiga mnyama kutoka ndani ya gari. Gari likufikishe porini, lakini kazi ya kuwinda uifanye mwenyewe, kwa miguu yako, na kwa leseni yenye jina lako.

Kwa nini basi nimelileta jambo hili mbele ya msomaji wa mjini, ambaye pengine hajawahi kumwona nyati ila kwenye noti au televisheni? Ni kwa sababu siku hizi gari linaloingia porini mara nyingi hutoka mjini. Hesabu ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka 109,000 hivi mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Meno ya wanyama wale hayakutembea yenyewe kutoka porini hadi bandarini. Yalibebwa. Kila mzigo ulihitaji chombo, na chombo kina mwenyewe. Vivyo hivyo nyama ya pori isiyo na kibali: huja mjini usiku, chini ya turubai, chini ya magunia ya mkaa, ndani ya pikapu ya mtu ambaye labda amelala usingizi kwake.

Mwenye gari huombwa kwa maneno matamu. Shemeji anasema ni kwa Jumamosi moja tu. Rafiki anasema mafuta ni juu yake, na paja moja la swala litakuja nyumbani. Hakuna anayetamka neno ujangili. Lakini sheria ya Tanzania inaipa mahakama uwezo wa kutaifisha chombo kilichotumika katika kosa la wanyamapori, liwe gari, pikipiki au mtumbwi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Katika jambo hili anayebaki uchi si mwazimaji peke yake; mwenye nguo naye huadhirika.

Uwindaji halali upo, nao una alama zake: una leseni, una eneo lililotajwa, una msimu, na aina na idadi ya wanyama imeandikwa. Anayekwenda kuwinda kihalali hatakasirika akiombwa aonyeshe karatasi hizo kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Enzi za Roosevelt mpagazi hakuulizwa kama anakubaliana na safari aliyoibeba. Alipewa ratili 60 na kuonyeshwa njia. Mwenye gari wa leo ana bahati ambayo mpagazi yule hakuwa nayo, kwa kuwa yeye anaweza kuuliza, na anaweza kukataa. Kukaa kimya na kutoa ufunguo ni kukubali kuubeba mzigo bila kuutazama.