Rotoskopu na uhuishaji wa kufuatisha

Anayetafuta filamu ya katuni aliyoiona utotoni mara nyingi hana jina la kuanzia. Aliiona kabla hajajua kusoma, au kanda ilinakiliwa kutoka kanda nyingine na ganda lake likapotea zamani. Anachobaki nacho ni picha mbili tatu, na namna mtu fulani alivyokuwa akitembea. Binamu yangu alikumbuka jitu limelala ufukweni na watu wadogo sana wakilifunga kamba usiku. Kisha akaongeza jambo ambalo wengi wangelipuuza: lile jitu lilisogea kama mtu wa kweli, wale wadogo wakasogea kikatuni.

Hadithi ilijulikana papo hapo. Ni ya Jonathan Swift, ya mwaka 1726, na wasomaji wa Kiswahili wameipata tangu miaka ya 1930 kwa jina la Safari za Gulliver. Lakini kuijua hadithi si kuipata filamu, kwa kuwa Gulliver amechorwa mara nyingi. Studio ya Toei ya Japani ilimrusha angani mwaka 1965. Hanna-Barbera ya Marekani ikatengeneza mfululizo wa televisheni mwaka 1968. Lililokata shauri ni lile la mwendo. Jitu lenye mwendo wa binadamu katikati ya vikatuni ni Gulliver wa ndugu Max na Dave Fleischer, katika filamu iliyotolewa Marekani Desemba 1939. Hakimiliki yake haikuhuishwa huko, basi kila mwenye mashine ya kunakili aliweza kuiuza, na ndiyo maana ilienea katika kanda za bei rahisi zisizo na maelezo yoyote.

Mwendo ule ulitokana na rotoskopu, chombo ambacho Max Fleischer alipewa hataza yake mwaka 1917. Kwanza mtu halisi anapigwa filamu akitembea, akiinama, akigeuka. Filamu hiyo hurushwa kwa nyuma kwenye kioo chenye ukungu, fremu moja baada ya nyingine, na mchoraji, akiwa ameweka karatasi juu ya kioo, huchora akifuata mistari ya mwili anaouona. Fremu inasogezwa, karatasi inabadilishwa, anaanza tena. Filamu hupita kwa fremu 24 kila sekunde, kwa hiyo dakika moja ina fremu 1,440. Katika majaribio ya mwanzo Dave ndiye aliyevaa nguo za mchekeshaji na kurukaruka mbele ya kamera. Kwa mwili wake akazaliwa Koko, mhusika aliyewapatia ndugu hao umaarufu.

Faida yake inaonekana katika mambo ambayo mchoraji hayatungi kwa urahisi: uzito unaohama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, bega linalotangulia mkono, nguo inayochelewa kidogo kutulia baada ya mwili kusimama. Mtoto hana jina la mambo hayo, ila jicho lake linayaona na kuyatunza.

Kiswahili tayari kina uhuishaji, neno zuri lenye uhai ndani yake. Kwa mbinu hii wengine huandika rotoskopu kwa kila kitu: chombo, kazi na mtindo. Naona tuvitenganishe. Chombo kibaki rotoskopu, kwani ni kitu kimoja chenye mvumbuzi wake, na kazi iitwe uhuishaji wa kufuatisha. Mwanafunzi anayeweka karatasi nyepesi juu ya ramani na kupitisha penseli kwenye mipaka yake anafuatisha, na mchoraji wa Fleischer alifanya hivyohivyo. Kuiga hakutoshi, kwa kuwa mtu huweza kuiga mwendo kwa kuutazama tu, kisha akauchora kwa mkono huru. Kunakili nako kunapotosha: Gulliver hakuwa nakala ya mwigizaji, alipewa uso na mavazi aliyoyataka mchoraji.

Kufuatisha kunavumilia pia mabadiliko ya vifaa. Filamu ya Waking Life ya mwaka 2001 ilichorwa kwenye kompyuta juu ya picha za waigizaji, pasipo kioo wala karatasi, na bado mkono ulifuata mwili. Wahariri wa video wa leo nao hufuatisha ukingo wa mtu fremu kwa fremu ili wamtoe kwenye mandhari moja na kumweka kwenye nyingine; hapo mchoro hauonekani kabisa na mtazamaji, lakini kitendo ni kilekile. Mpaka nitakaouweka ni kwa vihisi vinavyobandikwa mwilini ili kompyuta ipokee mwendo moja kwa moja. Hapo hakuna mtu anayepitisha kalamu juu ya picha, na kazi hiyo inastahili jina lake: kunasa mwendo.