Piyaya: diwani mmoja, muhuri mmoja, na wazee 12 wa mwaka 1958

Leo nina jambo lililoanzia kijiweni Kariakoo, kwenye kahawa na kashata, ingawa litatupeleka mbali kidogo na Kariakoo.

Rafiki yangu mmoja, mwanasheria, mtu wa hesabu kali, alisikia nikitaja Piyaya akacheka. Akasema ati kule diwani anawakilisha ng'ombe kuliko watu, na kama nchi hii ingekuwa na haki ya kura, kata kama zile zingeunganishwa tatu tatu na nafasi zake zikaletwa Dar. Kijiwe kizima kikamuunga mkono. Mimi nilinyamaza, si kwa kukubali, bali kwa sababu sikuwa na namba. Nikaenda nyumbani kuzitafuta.

Na hesabu yake si ya kupuuza. Sensa ya 2022 iliikuta Wilaya ya Ngorongoro ina watu 273,549. Wilaya ina kata 28. Gawanya mwenyewe: ni watu kama 9,770 kwa diwani mmoja. Mkoa wa Dar es Salaam, sensa hiyo hiyo, ulikuwa na watu 5,383,728 katika kata 102, yaani karibu 52,800 kwa diwani. Kwa mizani hiyo, mkazi wa Ngorongoro ana diwani mara tano ya wewe uliyepanga chumba Mbagala. Rafiki yangu angeishia hapo na kuagiza kahawa nyingine.

Sasa geuza mizani. Ngorongoro ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 14,000, kwa hiyo kata moja kwa wastani ni kilomita za mraba 500. Dar es Salaam yote ni kama 1,400, na kata ya wastani haifiki 14. Diwani wa Dar akitaka kuzunguka kata yake anapanda bodaboda, saa ya chakula cha mchana yuko nyumbani. (Foleni ni habari nyingine.)

Nilifika Piyaya mara moja, nimepewa lifti na watu wa chanjo ya mifugo. Ni nchi ya nyasi fupi, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kaskazini ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Upeo wa macho hauna kizuizi, na vumbi lina njia zake za kuingia mpaka kwenye soksi. Mzee mmoja tuliyemkuta kivulini nilimwinamishia kichwa kama nilivyofundishwa, akanigusa utosini, akaniita mwanangu, kisha akaanza kunieleza habari ya muhuri. Sikumwelewa mara moja. Mimi nilimuuliza kuhusu uchaguzi, yeye ananijibu muhuri. Baadaye ndipo nikaelewa: barua ya utambulisho ya kijana anayetafuta kazi, kibali cha kusafirisha mbuzi wanaopelekwa mnadani, fomu ya mtoto anayeomba mkopo wa chuo, vyote vinatafuta muhuri wa kijiji au wa kata. Zamani walipokuwa chini ya kata nyingine, kuufuata muhuri kulikuwa ni kulala njiani.

Zamani hiyo si ya mbali. Katika sensa ya 2002 Ngorongoro ilikuwa na kata 14 tu, na jina la Piyaya halimo kati yake. Leo ni 28, mara mbili kamili. Ukisikia hivyo haraka haraka utadhani wanasiasa wamejigawia vyeo. Lakini mwaka 2002 wilaya ilikuwa na watu 129,776, yaani 9,270 kwa kata. Watu wameongezeka zaidi ya mara mbili, kata zimeongezeka mara mbili, na mzigo wa diwani mmoja umebaki karibu pale pale, tena umezidi kidogo. Hakuna aliyependelewa. Kilichofanyika ni mistari kuwafuata watu, jambo ambalo Dar limechelewa kufanyika, na hapo ndipo rafiki yangu angepaswa kuelekeza hasira zake.

Na hata hizo namba zenyewe nazichukua kwa tahadhari. Sensa inahesabu mtu alipolala usiku mmoja. Wafugaji hawalali mahali pamoja mwaka mzima: nyumbu wakizaa kwenye nyasi fupi, kati ya Januari na Machi hivi, ng'ombe huondolewa kwa kuogopa ugonjwa unaotoka kwa nyumbu, na kiangazi watu hufuata maji. Sensa yetu ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, katikati ya kiangazi, miezi miwili na nusu baada ya vurugu za kuweka vigingi Loliondo ambapo familia nyingi zilivuka mpaka kuingia Kenya. Sisemi takwimu ni batili. Nasema mtu anayetaka kuunganisha kata tatu tatu akiwa Kariakoo akumbuke hilo.

Lakini ngoja nirudi nyuma zaidi, maana suala la nani anamsemea nani huko halikuanza na madiwani.

Tarehe 21 Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia sahihi hati ya kukubali kuondoka Serengeti, ambayo ilikuwa hifadhi ya taifa tangu 1951. Mwaka uliofuata mipaka ya hifadhi ikachorwa upya, ikaanzishwa mamlaka ya Ngorongoro ambako binadamu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja, na watu wakahama, wengine kuelekea Ngorongoro, wengine Loliondo. Wazee 12. Hawakuchaguliwa kwa kura. Hakukuwa na kata, wala kikao ambacho mwanamke wa Moru angeweza kusimama na kuuliza, jamani, huyu kasaini kwa niaba ya nani?

Mwaka huo huo, kumbukeni, ndio wa kura tatu. Januari 1958 TANU walikutana Tabora wakakubaliana kwa shida kuingia uchaguzi ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, tena mpiga kura mwenyewe awe na sifa za kipato, elimu au cheo. Shuleni tunafundishwa Tabora kama ushindi wa busara ya Mwalimu, na ni kweli. Ila sikumbuki mwalimu yeyote aliyetuambia kwamba miezi mitatu baadaye, nchi hiyo hiyo, eneo kubwa namna ile liliamuliwa kwa sahihi za watu 12.

Uhuru ulipokuja, uwakilishi wa karibu haukukaa sana. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, tukaletewa madaraka mikoani. Sheria ya vijiji ikaja 1975, na Umasaini kukapita Operesheni Imparnati iliyowataka wafugaji wakae vijiji vya kudumu. Ngorongoro ikawa wilaya mwaka 1979. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982 na zikaanza kazi 1984. Piga hesabu: kwa miaka 12 hivi Mtanzania wa kijijini hakuwa na halmashauri yake, na ni katika miaka hiyo hiyo alipopangiwa pa kukaa.

Kata inazaliwaje? Wengi wetu mjini hatujui, nami sikujua mpaka nilipoulizia. Kwa utaratibu, maombi yanaanzia chini: vijiji vinajadili, yanapanda kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, kamati ya ushauri ya mkoa, mpaka yanamfikia waziri wa TAMISEMI, naye akiridhika anatangaza kwenye Gazeti la Serikali. Majimbo ya ubunge yana njia yake, Tume ya Uchaguzi kwa kibali cha Rais, na Katiba inataka yapitiwe angalau kila miaka 10. Kwa hiyo kata inapanda ngazi nyingi, na mlangoni mwa mwisho kuna kalamu moja. Shikeni hapo, tutarudi.

Majirani zetu walijaribu kuifunga kalamu hiyo kwa kamba. Baringo, Kenya, wapo watu wanaoitwa Il Chamus, wasemaji wa Kimaa kama ndugu zao wa Piyaya, wachache ndani ya jimbo la watu wengi wasio wao. Kila uchaguzi waliweza kupiga kura wote kwa umoja na bado wasipate mbunge. Walikwenda mahakamani, na Desemba 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba kundi dogo lenye maslahi yake linastahili kusikika bungeni, na kwamba mipaka ichorwe kwa kulizingatia hilo. Kisha ikaja Katiba ya 2010: majimbo 290, idadi ya watu iwe karibu sawa, lakini mijini na kwenye maeneo yenye watu wachache namba iruhusiwe kupanda au kushuka hadi asilimia 40. Mwaka 2012 likazaliwa jimbo la Baringo Kusini, na ndani yake kuna kata inayoitwa Ilchamus. Haikumaliza shida zao zote, na mipaka ile ilizaa kesi zaidi ya mia nchi nzima. Lakini kipimo kimeandikwa, na raia anaweza kukishika na kuuliza.

Turudi kwetu. Machi 2013 serikali ilitangaza kutenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo. Madiwani na wenyeviti wa vijiji, wengi wao wa chama tawala, wakatishia kujiuzulu. Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Mizengo Pinda akafika Wasso na kusema ardhi ibaki kwa wananchi. Sema unachotaka kuhusu madiwani wetu (na mimi nina mengi), safari ile walitosha. Juni 2022 mpango ukarudi, vigingi vikawekwa, Piyaya ikiwa mojawapo ya vijiji vilivyokatwa malisho. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi wakajeruhiwa, na zaidi ya watu 20, wakiwemo madiwani, wakashtakiwa kwa mauaji mpaka mashtaka yalipoondolewa Novemba. Oktoba mwaka huo eneo likatangazwa kuwa Pori la Akiba la Pololeti.

Halafu Septemba 2023 Mahakama Kuu Arusha ikalibatilisha tangazo la Juni 2022. Sababu? Waziri hakushauriana na mamlaka za mitaa zinazohusika, kama sheria ya wanyamapori inavyomtaka. Kwa lugha ya kijiweni: kabla hujagusa nchi ya watu, kaongee na halmashauri yao na vijiji vyao.

Ijumaa ya tarehe 2 Agosti 2024, miezi 11 baadaye, likatoka Tangazo la Serikali Na. 673. Safari hii si Loliondo, ni jirani yake, Tarafa ya Ngorongoro. Kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vikafutwa. Ngorongoro, Enduleni, Nainokanoka, Olbalbal, Kakesio na wenzake, karibu asilimia 40 ya kata zote za wilaya, kwa karatasi moja, zikiwa zimebaki siku zisizofika 120 kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba. Zile ngazi zote nilizowaeleza, zilizopandwa miaka na miaka, zilishukwa kwa hatua moja. Wapo pia waliokwenda kuhakiki taarifa zao kwenye daftari la wapiga kura wakakuta vituo vyao vimeandikwa Msomera, Handeni, mkoa wa Tanga. Sisemi hukumu ya 2023 ndiyo iliyozaa tangazo la 2024, sina ushahidi huo. Ila nauliza kama mtoto wa darasa la nne: kama sheria inasema ushauriane na kijiji, na kijiji hakipo, unashauriana na nani?

Jumapili tarehe 18 Agosti watu walitoka, wanawake kwa wanaume, wakakaa barabarani ambako magari ya watalii hupita. Tarehe 22 Mahakama Kuu Arusha ikaweka zuio la muda. Kesho yake Waziri William Lukuvi akaenda kuwaambia uchaguzi utafanyika na wataandikishwa pale pale wanapoishi. Desemba mosi Rais Samia alikutana na viongozi wa Kimaasai Arusha, akatangaza tume mbili, moja ya migogoro ya ardhi na nyingine ya zoezi la kuhama.

Nilimpelekea rafiki yangu haya yote. Akanijibu kwamba bado Dar inastahili kata zaidi, nami nikamwambia sawa, tena nyingi, ila zisitoke Piyaya. Hajanijibu.

Na mimi nina deni langu. Wiki ile ya Agosti, kabla ya zuio, nilipigiwa simu na mama mmoja wa upande wa Enduleni niliyewahi kunywa naye chai Karatu, sokoni. Hakuniuliza habari ya katiba. Mwanawe alikuwa na fomu ya mkopo wa chuo mkononi, dirisha linakaribia kufungwa, na alitaka kujua kama muhuri wa kijiji ambacho kimefutwa bado unakubalika. Nikapiga simu ofisi mbili, kila moja ikanielekeza kwa nyingine. Nilimwambia, "Mama, naulizia, nitakupigia." Sikumpigia. Nikipita Karatu siku hizi hukwepa upande ule wa soko.